Umetoka hotelini, unataka shule ya biashara: mlango upi unakufaa?

Mtu wa benki akiomba MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, anayelisoma faili lake anajua tangu mstari wa kwanza kazi yake ni ipi. Mtu wa hoteli hana bahati hiyo. Anaandika "meneja wa zamu", na msomaji aliyeko Boston anapata picha ya mtu anayekabidhi funguo mapokezi. Kumbe huyo ndiye anayeachiwa nyumba nzima ikifika saa nne za usiku: vyumba 80, jiko, walinzi, jenereta inayogoma, na mgeni wa chumba cha mbele ya bahari anayedai arudishiwe pesa kwa sababu ya mbu.

Ndiyo maana swali ninalosikia sana kwa wenzangu wa Unguja, Diani na Arusha, "mimi nina nafasi gani ya kupokelewa?", halijibiki kwa namba moja. Nafasi yako inategemea mlango unaopiga hodi, maana kila mlango unaisoma kazi ya hoteli kwa jicho lake. Hapa nalinganisha mitatu: MBA ya kutwa ng'ambo, uzamili wa hoteli na utalii katika shule za kimataifa, na MBA ya jioni au ya watendaji karibu na kazini. Nimewahi kubisha mlango wa kwanza nikakataliwa, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyalipia ada.

VITU VYA KUPIMIA

Kwanza karatasi. Karibu kila MBA inataka shahada ya kwanza. Vyuo vya Tanzania kwa kawaida hutaka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini. Hapa ndipo wengi wetu hukwama kabla safari haijaanza, kwa sababu hoteli za pwani zimesimama juu ya mabega ya watu wa stashahada. Chuo cha Utalii cha Kenya pale Nairobi, kilichoanza mwaka 1975 kwa ushirikiano na Waswisi, kimelea vizazi vya wapishi na mameneja hodari, na wengi wao hawakuwahi kuhitaji shahada mpaka siku walipofungua fomu ya uzamili.

Pili mtihani. GMAT, mtihani wa kuingilia shule za biashara, kwa sasa ina maswali 64 katika sehemu tatu, hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, kila sehemu dakika 45, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Ukikutana na mtu anajisifu kwa alama 700, muulize ni za mtihani upi, kwa sababu ule wa zamani ulifungwa mwanzoni mwa 2024 na mizani yake ilikuwa nyingine: 700 ya zamani inakaribiana na 645 ya sasa. GRE, mtihani mwingine wa kuingilia uzamili, nayo inakubalika karibu kote. Mitihani yote miwili inaweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta, mradi umeme na intaneti vikuhurumie. Matokeo yake hudumu miaka mitano.

Tatu, kazi yako inavyosomwa. Nne, umri na ngazi. Tano, pesa na muda utakaokaa bila mshahara. Hivi vitatu ndivyo vinavyoitenganisha milango hasa, na cha tatu nakiwekea sehemu yake kwanza, kwa kuwa ndicho pekee unachoweza kukirekebisha ndani ya mwezi mmoja.

KABLA YA MLANGO WOWOTE: IPIGE KAZI YAKO HESABU

Insha yangu ya kwanza ya maombi ilianza na maneno "napenda sana kuhudumia watu". Nilijiona nimeandika. Leo nikiisoma naona kijitabu cha kutangaza hoteli: machweo, tabasamu, wageni kutoka kila pembe ya dunia. Hakuna mahali nilipoamua jambo likaleta faida au hasara. Kamati ya kupokea wanafunzi haina shaka kwamba mtu wa hoteli anapenda watu. Shaka yake ni kama anaweza hesabu, na kama aliwahi kuamua jambo gumu pasipo na bosi wa kumuuliza.

Chukua mfano huu, namba zake ni za kubuni ila hesabu ndiyo ya kila siku. Hoteli ya vyumba 80, mwezi wa siku 30, ina usiku 2,400 za kuuza. Mwezi wa Juni mwaka jana vyumba vilijaa asilimia 60 kwa bei ya wastani ya dola 150. Hizo ni usiku 1,440 na dola 216,000, ambazo ukizigawa kwa usiku zote 2,400 unapata dola 90 kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimelaliwa au la. Mwaka huu wewe, msimamizi wa buking, ukashauri bei ishuke hadi 140 kwa mawakala watakaolipa mapema. Vyumba vikajaa asilimia 70: usiku 1,680, dola 235,200, na ile 90 ikawa 98.

Wengi huishia hapo na kupiga kifua. Lakini zile usiku 240 za ziada zilikula kifungua kinywa, zikatumia mashuka, sabuni, maji na umeme. Tuseme kila usiku uligharimu dola 25, jumla 6,000. Basi faida halisi ya ushauri wako ni dola 13,200, wala si 19,200. Mwombaji anayetoa gharama kabla hajaulizwa ndiye anayemfanya msomaji avue miwani na kurudia aya.

Na usidhani hesabu ni za watu wa buking peke yao. Msimamizi wa vyumba aliyepunguza mashuka yanayochakaa kabla ya wakati, mpishi mkuu aliyeshusha gharama ya chakula kwa kununua samaki ferini badala ya kwa dalali, mtunza stoo aliyegundua vinywaji vinapotelea wapi, wote wana hadithi ya biashara mkononi. Wanachokosa ni daftari. Anza leo kunakili namba zako, kwa idhini na bila kutoa siri za mwajiri, kwa sababu siku ukihama hoteli hutaingia tena kwenye mfumo wao.

Pengo la kazi la 2020, mwaka wa korona, halihitaji machozi. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi mwaka ule na kuzirudisha Agosti. Tanzania ilifungua anga mwezi Mei. Kila msomaji wa maombi anajua hoteli zilifungwa. Mistari miwili inatosha: ulisimamishwa kazi lini, na ulifanya nini katikati. Aliyeuza samaki au aliyefundisha watoto wa mtaani kwake ana la kusema kuliko aliyeandika kwamba alikuwa "akijitathmini".

MLANGO WA KWANZA: MBA YA KUTWA NG'AMBO

Nazungumzia shule kama Harvard, ambayo MBA yake ni ya miaka miwili, INSEAD yenye kampasi Fontainebleau, Singapore na Abu Dhabi ambayo huimaliza kwa miezi kumi, na kwa upande wa Afrika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Hii ya mwisho imo ndani ya jengo lililokuwa gereza la Breakwater, na jengo hilohilo lina hoteli. Mtu wa hoteli atajisikia nyumbani kabla ya kupanda ngazi.

Karatasi: shahada ya kwanza ni lazima, au sifa inayotambulika kuwa sawa nayo. Jina la chuo halikuzuii kama unavyodhani, lakini alama za masomo ya hesabu na uhasibu hutazamwa kwa makini. Ukiwa na C ya takwimu, mtihani uibebe.

Mtihani: hapa ndipo pazito. Harvard hupokea maombi kati ya 8,000 na 10,000 kwa mwaka kwa viti kama 930, na alama za katikati za darasa kwa ile GMAT ya zamani zilikuwa 730 hadi 740. Hiyo ni alama ya katikati, maana yake karibu nusu ya darasa iliingia kwa chini ya hapo. Mtu wa hoteli hawezi kujitetea kwa kusema kazi yake haina hesabu, kwa sababu hapo ndipo hofu ya kamati ilipo.

Kazi inavyosomwa: madarasa haya yamejaa washauri wa biashara, watu wa mitaji na wa teknolojia. Watu wa hoteli ni wachache, na uchache huo una pande mbili. Unakumbukwa. Harvard yenyewe hufundisha kisa cha wafanyakazi wa hoteli ya Taj kule Mumbai, waliobaki kuwalinda wageni wakati wa shambulio la Novemba 2008, kwa hiyo hakuna anayedhani huduma ni jambo dogo. Upande wa pili ni swali litakalokusubiri kwenye usaili: kwa nini uje huku wakati ziko shule za hoteli? "Nataka kupanda cheo" halitoshi. Jibu lenye nguvu hutoka nje ya kuta za hoteli: unataka kujenga kampuni ya kumiliki nyumba za wageni, kuhamia uwekezaji wa majengo, au kutengeneza mnyororo wa mboga na samaki unaolisha hoteli kumi badala ya moja.

Kwa INSEAD kuna karata ambayo watu wa pwani huisahau. Shule ile imejulikana kwa muda mrefu kwa kuthamini lugha zaidi ya Kiingereza. Aliyekulia Malindi au kufanya kazi Kiwengwa, akajifunza Kiitaliano kwa wageni, anayo karata hiyo mfukoni. Ahakikishe tu anacho cheti cha kuithibitisha, kwa sababu kusema hakutoshi.

Umri na ngazi: wanafunzi wa Harvard wana umri wa wastani kama miaka 27, wa INSEAD karibu 29. Ukiwa na 36 hujafungiwa, lakini faili lako litasomwa kwa swali la "kwa nini sasa?", na jibu la haki mara nyingi litakuelekeza mlango wa tatu.

Pesa na muda: Harvard inakadiria zaidi ya dola 110,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, chumba na chakula. INSEAD ada peke yake ni karibu euro 100,000. Usifunge kompyuta bado. Ufadhili wa Harvard hutazama uhitaji wa mtu, si alama zake, na mshahara wa hoteli za kwetu ni ushahidi wa kutosha wa uhitaji. Ufadhili wa Chevening kwa Uingereza hutaka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ila kwa MBA umewekewa kikomo cha ada, kwa hiyo shule za bei ya juu zinabaki na pengo ambalo ni lako kuliziba.

Unamfaa: mwenye miaka 25 hadi 31, shahada nzuri, uwezo wa hesabu, na sababu ya kweli ya kutaka mengine zaidi ya kuwa meneja mkuu.

MLANGO WA PILI: UZAMILI WA HOTELI

Wawili wanaotajwa sana ni Cornell kule Ithaca, New York, ambako shule ya hoteli ilianza 1922 na leo ina hoteli yake, Statler, ndani ya chuo. Na EHL ya Lausanne, Uswisi, iliyofunguliwa 1893, shule ya hoteli kongwe kuliko zote duniani. Glion na Les Roches, za Uswisi pia, zipo katika kundi hili.

Karatasi: shahada ya kwanza tena. Tofauti ni kwamba shahada ya utalii au ukarimu, ambayo kwa mlango wa kwanza huhitaji kuelezewa, hapa inaeleweka neno kwa neno. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au chuo kingine chenye masomo ya utalii hatakiwi kuandika utangulizi.

Mtihani: uzito ni mdogo kuliko mlango wa kwanza, na masharti hutofautiana kwa shule na kwa mwaka. Soma ukurasa wa masharti wa mwaka unaoomba wewe, usimsikilize aliyeomba miaka minne iliyopita. Mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, unaweza kusamehewa kama shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza, lakini msamaha huo huombwa, hauji wenyewe.

Kazi inavyosomwa: kila mtu darasani ametoka hotelini au anakwenda hotelini. Huna haja ya kueleza meneja wa zamu ni nani. Lakini ule uchache wako unayeyuka. Unashindana na vijana ambao baba zao wanamiliki hoteli, na wengine wameshafanya kazi katika nchi tatu. Kinachokutofautisha ni mahali. Kambi ya mahema Serengeti ambayo kila nyanya huletwa na gari kwa saa nyingi za vumbi, hoteli ya ufukweni inayojaa Agosti na kulala Aprili, ndege za kukodi zinazoleta wageni 200 kwa mkupuo na kuwaondoa wote siku ileile: haya wanafunzi wa Lausanne huyasoma kwenye karatasi, wewe umeyaishi. Yaandike kama matatizo uliyotatua. Ukiyaandika kama mandhari umerudi kwenye kijitabu cha matangazo.

Kwa maoni yangu, mtu wa hoteli mwenye karatasi za wastani ana nafasi nzuri hapa kuliko Harvard au INSEAD, na si kwa sababu shule hizi ni hafifu. Anasomwa na watu wanaoijua lugha yake.

Umri na ngazi: wengi ni vijana, baadhi wametoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza. Ukiwa mkuu wa idara mwenye miaka 34 unaweza kujikuta kaka wa darasa. Wengine hilo huwapa heshima, wengine huwachosha.

Pesa na muda: uzamili wa Cornell ni wa mwaka mmoja, hivyo unakosa mshahara wa mwaka mmoja tu, lakini ada ni ya Marekani na maisha ya Uswisi hayana huruma. Ufadhili upo ila ni mchache kuliko wa shule kubwa za MBA, na huwa ni punguzo la sehemu ya ada. Uliza mapema ni asilimia ngapi inabaki.

Unamfaa: anayejua atabaki katika hoteli lakini amechoka na zamu, anayetaka kuhamia upande wa wamiliki, uendelezaji wa miradi mipya, usimamizi wa mapato, au ushauri wa hoteli. Hasara yake huonekana baadaye. Siku ukitaka kutoka hotelini kabisa, ukaenda benki au kampuni ya simu, jina la Lausanne halitapokelewa kwa shangwe lilizopata pale Serena au Four Seasons.

MLANGO WA TATU: MBA YA JIONI AU YA WATENDAJI, BILA KUACHA KAZI

Hapa ziko shule ya biashara ya Strathmore, Nairobi, iliyoanza 2005 kwa kushirikiana na IESE ya Barcelona. ESAMI ya Arusha, taasisi inayomilikiwa na serikali kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye MBA ya jioni. Mzumbe nao wana tawi lao Dar es Salaam.

Karatasi: shahada yenye ile GPA ya 2.7 mara nyingi inatosha. Aliyepata chini ya hapo ana njia ya kupitia stashahada ya uzamili kwanza, mwaka mmoja wa ziada lakini njia halali. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Usiache hilo hadi wiki ya mwisho.

Mtihani: shule nyingi za hapa hutumia mtihani wao wenyewe au usaili. GMAT haikuzuii.

Kazi inavyosomwa: wanasoma cheo. Kwa MBA ya watendaji wanataka kujua unasimamia watu wangapi, bajeti ya kiasi gani, na unaripoti kwa nani. Kwa mtu wa hoteli huu ni mtego, kwa sababu vyeo vyetu vinadanganya pande zote mbili. "Meneja wa mgahawa" anaweza kuwa na wahudumu sita; "msimamizi wa vyumba" anaweza kuwa na watu 60 na stoo yenye thamani ya nyumba. Andika idadi karibu na cheo.

Umri na ngazi: hapa miaka ndiyo mtaji. Mwenye 38 na uzoefu wa kusimamia watu anakaa na wenzake, na wenzake ni wakuu wa idara za benki, mashirika ya serikali, bima na viwanda. Kwa mtu wa hoteli, watu hao ndio wateja wa mikutano na semina kwa miaka kumi ijayo. Jambo hili halimo kwenye vipeperushi vya shule, ila wenye hoteli za Arusha wanalielewa vizuri.

Pesa na muda: ada ni sehemu ndogo tu ya ile ya ng'ambo na mshahara unaendelea. Gharama yake ni zamu. Darasa la jioni linaanza wakati hoteli inachangamka, na aliye Nungwi hawezi kuhudhuria Dar es Salaam kila jioni kwa boti. Kwa huyo, mpangilio wa vipindi vya siku chache mfululizo, kisha kurudi kazini, ndio unaowezekana. Ongea na mwajiri kabla ya kuomba, na ukipata ruhusa iwe kwenye maandishi. Meneja aliyekubali kwa mdomo anaweza kuhamishwa kabla hujamaliza muhula.

Unamfaa: mwenye familia, mwenye cheo, na asiyetaka kuhama nchi wala sekta.

BARUA ZA WADHAMINI NA KALENDA

Mameneja wakuu wa hoteli zetu, hasa wageni, hukaa miaka miwili mitatu kisha huondoka. Bosi aliyeona kazi yako bora huenda leo yuko Maldives. Mwambie kabla hajafunga mizigo kwamba utamwomba barua, chukua anwani yake binafsi, na kila baada ya miezi mtumie salamu. Ukikutana na bosi anayesema "andika mwenyewe, mimi nitasaini", na tunawajua, kataa kwa adabu. Shule hazikubali, na barua mbili zenye mtindo mmoja wa sentensi hujitambulisha zenyewe. Badala yake mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha: mradi gani, mwezi gani, namba zipi.

Kalenda nayo haikupangwa na mtu wa hoteli. Shule nyingi za Marekani hufunga awamu ya kwanza mwanzoni mwa Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, yaani mkia wa msimu wa Julai na kilele cha Krismasi na Mwaka Mpya. Aliyepanga kuandika insha Desemba ataandika akiwa amesimama. Dawa ni masika: Aprili na Mei, wakati vyumba vimelala na likizo zinatolewa kwa nguvu, jifungie na hesabu, fanya mtihani Juni. Insha zianze hapo hapo.

KWA HALI YAKO

Una miaka 27, shahada ya daraja la kwanza au la pili la juu, na umeshafanya uamuzi wenye namba: bisha mlango wa kwanza katika shule tatu au nne, na uweke moja ya mlango wa pili pembeni. Usiombe Harvard peke yake kisha ukasema Mungu hakupenda.

Una miaka 30, hesabu zako ni za wastani, na unataka kuketi upande wa mwenye hoteli badala ya upande wa meneja: mlango wa pili, kwa sharti kwamba umepata jibu la ada kabla ya kuacha kazi.

Una miaka 37, mkuu wa idara, watoto wawili shuleni: wa tatu. Ikiwa upo Dubai au Doha, angalia pia MBA za watendaji za huko. London Business School ina darasa lake Dubai. Bei yake ni ya Ghuba, kwa hiyo mwajiri achangie au uache.

Una stashahada tu: usidanganywe na wakala anayekuuzia "MBA bila shahada" kwa wiki sita. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina njia za kumfikisha mtu wa stashahada kwenye shahada huku akifanya kazi. Kwa nje, Heriot-Watt ya Edinburgh, yenye kampasi Dubai, imekuwa ikimruhusu mtu asiye na shahada kuanza kwa kusoma na kufaulu masomo ya mwanzo ya MBA yake ya mtandaoni. Ni njia ndefu, inahitaji nidhamu ya mtu anayeweza kufungua kitabu baada ya zamu ya usiku.

Una nyumba yako ya wageni yenye vyumba sita Jambiani na unachotaka ni vyumba vijae: fikiria kama unahitaji MBA kweli. Kozi fupi ya uhasibu na ya kupanga bei inaweza kukupa unachokitafuta kwa msimu mmoja, na ile ada ya uzamili ikajenga chumba cha saba.

Na kama umeshachagua mlango wa kwanza, ila tarehe 20 Agosti bado insha moja inasomeka kama tangazo na mdhamini mmoja hajajibu, lisukume ombi hadi awamu ya Januari. Aliyekataliwa anaweza kuomba tena mwaka unaofuata, lakini watamuuliza nini kimebadilika, na jibu la "nilikuwa na haraka" mimi nimeshalijaribu.